Mtarudi kwa Upepo Gani?

Dominika ya 12 ya Mwaka B
Ayu 38:1, 8-11, 2 Kor 5:14-17, Mk 4:35-41



Masomo ya Dominika hii yananukia bahari, ingawa tukisema kweli ziwa la Galilaya ni la maji baridi. Katika somo la kwanza Mwenyezi Mungu anamkumbusha Ayubu kwamba ni Yeye aliyeifungia bahari milango na kuyawekea mawimbi mpaka yasiouvuka. Wimbo wa katikati, Zaburi ile ya 107, unawataja watu wafanyao kazi yao juu ya maji mengi, jinsi wanavyoyumba kama walevi, na jinsi wanavyofikishwa hatimaye kwenye bandari waliyoitamani. Nayo Injili Takatifu kama ilivyoandikwa na Marko inatusimulia dhoruba, hofu ya wanafunzi, na Bwana aliyelala usingizi kule shetri.

Kwa kawaida tunaihubiri Injili hii kuanzia pale upepo ulipokemewa ukatulia. Leo naomba tuanzie mapema zaidi, kabla chombo hakijang'oa nanga.

Marko asema kwamba ilikuwa jioni, na kwamba wanafunzi walimchukua Yesu vile vile alivyokuwa chomboni. Wapo ndugu zetu wanaoushika mstari huu kama ruhusa ya kufanya mambo kwa pupa: twende tu, maadamu Bwana yumo. Lakini fungueni sura iliyotangulia, sura ya 3, aya ya 9. Hapo mtaona kwamba Yesu alikwisha kuwaagiza wanafunzi wake wamwekee mashua tayari, kwa sababu ya wingi wa watu. Na mwanzoni mwa sura ya 4 twamkuta ameketi ndani ya chombo, akifundisha. Kwa hiyo mashua haikuokotwa ufukoni jioni ile. Ilikuwa imeandaliwa, na wenye kuijua walikuwamo: Simoni na Andrea nduguye, Yakobo na Yohane wana wa Zebedayo, watu waliokulia katika nyavu. Pamoja nao walikuwamo wengine ambao hatusikii popote kwamba waliwahi kushika kasia. Mathayo, kwa mfano, kazi yake ilikuwa ushuru, na meza ya ushuru haiyumbi.

Mwaka 1986, maji ya ziwa lile yalipopungua kwa ukame, iliopolewa kutoka matopeni karibu na Ginosar mashua ya kale ya karne ya kwanza. Urefu wake ni mita 8 na kidogo, na upana wake mita 2 na zaidi. Hakuna anayeweza kusema kwamba ndiyo aliyopanda Bwana, bali ni ya wakati ule na ya ziwa lile. Mtu wa Bagamoyo akiitazama atasema hiyo ni mashua ya kawaida, kama zile zinazolala ubavu pale pwani maji yakipwa. Fikirini basi: chombo cha kadiri hiyo, watu 13, ujuzi usiolingana, na usiku unaingia.

Nayasema haya kwa sababu katika pwani yetu jambo hili si la vitabuni. Kundi la vijana wa parokia moja ya huku, 14 kwa jumla, waume kwa wake, walikusudia kwenda kwa mashua ya tanga kutoka Bagamoyo mpaka Pangani, kuwatembelea vijana wenzao na kusali pamoja nao sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo, tarehe 29 Juni. Nia ilikuwa njema. Walitaka, kama walivyosema wenyewe, kwenda kwa njia ya wazee, si kwa basi. Wengi wao wazazi wao walitoka bara. Waliokwisha kushika kamba ya tanga walikuwa 3 tu, na wasiojua kuogelea walikuwa zaidi ya nusu. Wakamwendea nahodha mmoja mzee, Mwislamu mcha Mungu, aliyeanza kusafiri majini tangu utoto. Niliombwa niwepo.

Vijana walimwamkia, "Shikamoo, Nahodha," naye akaitikia, "Marahaba, wanangu, karibuni." Wakamweleza safari yao kwa furaha: siku ya kuondoka, nyimbo, sare, hata samaki watakaokaanga njiani. Mzee aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu:

"Mtarudi kwa upepo gani?"

Hakuna aliyejibu. Ndugu zangu wa bara huenda msione uzito wa swali lile, basi niwaeleze. Pwani yetu ina pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma tangu Desemba mpaka mwezi Machi hivi, ikishuka kutoka upande wa Uarabuni na Bara Hindi. Kusi huanza baada ya hapo, hupata nguvu katikati ya mwaka, na hulegea kuelekea Oktoba, majira ambayo wenyeji huyaita demani. Mwezi Juni ni wa kusi, tena kusi kamili. Anayetoka Bagamoyo kwenda Saadani na Pangani wakati huo husukumwa na upepo mgongoni. Tanga hujaa lenyewe, na hata mtu asiyejua kitu hujiona hodari. Lakini anayerudi humkuta upepo ule ule usoni. Hapo hapana budi kubisha, yaani kupanda upepo kwa kwenda upande huu na upande ule, na kila mgeuko foromali na tanga lake zima lazima vihamishiwe upande wa pili wa mlingoti, huku chombo kikirushwa na mawimbi. Kazi hiyo humchosha baharia mzoefu. Kwa wanagenzi 14, baadhi yao wamelala chini wakitapika, ni kazi ya kuogofya.

Mzee akaendelea. Aliuliza mwezi utakuwa wa siku ngapi, maana wakati wa bamvua maji ya pwani ile hupwa mbali sana, na aliyechelewa kuondoka hujikuta amepwelewa, amekaa juu ya matope mpaka maji yarudi. Aliuliza watajificha wapi hali ikiharibika kati ya Bagamoyo na Saadani. Kijana mmoja akajibu upesi, "Mtoni, Nahodha. Tutaingia Ruvu au Wami." Mzee akatabasamu. Akawaambia kwamba mlango wa mto una mafungu ya mchanga yanayohama, kwamba maji ya mto yanapotoka na kukutana na upepo wa baharini wimbi huinuka ghafula, na kwamba huingii humo ila maji yakiwa yanajaa na ukiwa na mtu anayeujua mkondo. Wala huko ndani hamna bandari. Mna mikoko, mna viboko na mamba. Aliuliza nani atakaa omo akitazama miamba na nyavu za wavuvi, nani atashika demani, nani atakaa karibu na ngama kuteka na kumwaga maji, na zaidi ya yote, sauti ya nani itasikilizwa kukiwa na kelele. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Kisha akatoa hukumu yake. Pangani, zaidi ya kilometa 100 kutoka pale, ingoje demani. Mwezi huu wataanza kwa kwenda Kaole na Mbegani, kusini, karibu na nyumbani, dhidi ya upepo. Alisisitiza neno hilo: dhidi ya upepo. Wajifunze kwanza njia iliyo ngumu wakiwa bado wana nguvu na wakiiona pwani yao, ili upepo ukiwachosha uwarudishe nyumbani wenyewe. Wakifaulu hivyo mara kadhaa, ndipo atawapeleka Saadani, kilometa 45 hivi, mchana tu, kwa kuondoka alfajiri. Nao watarudi kwa gari, na chombo kitarudishwa na yeye na mabaharia wake wawili. Kila mmoja avae jaketi la kuokolea maisha tangu ufukoni, si kulikalia kama mto. Na asubuhi ya safari wasikilize kwanza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu upepo na mawimbi. Alipokwisha kukagua kamba zote za mashua, moja moja, kwa vidole vyake, ndipo aliposema inshallah. Mniwie radhi nikisema kwamba sisi Wakristo wengi tungelisema mwanzoni, tukaziacha kamba.

Baadhi ya vijana walinung'unika. Wakasema wataonekana waoga mbele ya wenzao wa Pangani waliokwisha kutangaziwa. Mmoja akanigeukia akaniuliza, "Padre, imani yetu iko wapi? Si Yesu alikuwamo chomboni?" Swali hilo lilistahili jibu, na jibu lilitoka kwa mama mmoja aliyekuwa amekaa pembeni, mzazi wa binti mmojawapo. Hakumjibu kijana, alinielekea mimi. Akasema, "Baba Padre, mwanangu hajui kuogelea. Akifa maji, utakuja nyumbani kwangu kuniambia nini? Kwamba Mungu amempenda zaidi?"

Ndugu wapendwa, nchi yetu inayajua maneno ya mama yule. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Viktoria karibu na Mwanza. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba. Haukupita mwaka mzima, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, tena katika msimu wa kusi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na kisiwa cha Ukara, watu wakiwa wanaiona nchi kavu. Mamia kwa mamia ya watu walipotea, Wakristo na Waislamu, wafanyabiashara, wanafunzi, akina mama wenye watoto mgongoni. Katika matanga ya namna hiyo husemwa kwamba Mungu amependa. Mfiwa anaposema hivyo kwa machozi, mwacheniye. Anajishikiza kwa Mungu asizame naye. Lakini neno hilo hilo linapotoka kinywani mwa yule aliyejaza chombo kupita kiasi, au aliyekwisha kuonywa kuhusu upepo akaona hasara kuahirisha, si imani tena. Huyo anamsingizia Mungu.

Maandiko yana jina la tendo hilo: kumjaribu Bwana. Shetani alimpandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, akamshauri ajitupe chini, kwa kuwa malaika watampokea. Shauri lilikuwa na aya ya Biblia ndani yake! Bwana alikataa. Yeye aliyekataa kujitupa kutoka juu ya hekalu ili kumpima Baba ndiye huyo huyo aliyelala katika dhoruba bila wasiwasi. Mambo haya mawili hayapingani. Alilala kwa sababu alikuwa ndani ya mapenzi ya Baba na kazi ya siku ilikuwa imekwisha, tena, kama ninavyopenda kufikiri, kwa sababu aliwaachia wavuvi kazi yao. Hakuwanyang'anya usukani. Nao walipomwamsha, hata kwa maneno ya lawama, hakuwakemea kwa kumwamsha. Aliukemea upepo kwanza, kisha akawauliza juu ya hofu yao. Kwa hiyo, kijana wangu, imani haikukatazwa kuuliza habari za upepo. Iliyokatazwa ni kudhani kwamba Bwana aliyelala ametuacha.

Tunalo pia somo la Mtakatifu Paulo, ambalo halisomwi leo, lakini makatekista wangu nawasihi mlisome nyumbani: Matendo ya Mitume sura ya 27. Paulo ni mfungwa anayepelekwa Roma. Chombo kimefika mahali paitwapo Bandari Nzuri, kisiwani Krete, na wakati wa kusafiri umekwisha kupita. Luka anatuambia kwamba hata siku ya kufunga ilikuwa imepita, yaani majira ya upepo mbaya yameanza. Paulo anaonya. Akida anawasikiliza nahodha na mwenye chombo kuliko Paulo. Halafu, na hili ndilo linalonivutia, wengi wanaamua kwamba waendelee, kwa sababu bandari ile haikufaa kukaa wakati wa baridi. Uamuzi wa wengi! Kukavuma kusi nyororo kidogo, wakadhani wamepata walichotaka. Tunazijua kamati za namna hiyo. Upepo laini wa asubuhi moja hutosha kusahaulisha shauri zima la busara.

Chombo kilikuwa na watu 276. Wote waliokoka kisiwani Malta, lakini chombo kilivunjika. Na kabla ya hapo mabaharia walijaribu jambo la aibu: walishusha mashua ndogo, wakijifanya wanakwenda kutia nanga za omo, kumbe wanataka kutoroka na kuwaacha abiria. Paulo aliwatambua, na askari wakazikata kamba za mashua ile. Kisha akawasihi wote wale chakula, akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele yao. Mimi naamini kwamba mkate ule ulifanya kazi kubwa kwa sababu mashua ya kutorokea ilikuwa imekwisha kukatwa. Viongozi wa jumuiya wanaohimiza sala huku wameficha mashua yao ya pembeni hawamlishi mtu.

Naja sasa kwenu, makatekista, na kwenu wazazi. Kila mwaka tunawapandisha vijana chomboni. Tunawaandaa kwa Kipaimara, tunawafundisha sala, amri na sakramenti. Askofu anafika, picha zinapigwa, kuku wanachinjwa. Hayo yote ni safari ya kwenda, tena upepo ukiwa mgongoni: nyumbani wanasukumwa, shuleni wanasukumwa, katekista anawafuata hata mashambani. Miezi michache baadaye kijana anakwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, analala chumba kimoja na wenzake watano, Jumapili ni siku ya biashara, na hakuna anayemwuliza kama amesali. Hapo upepo umegeuka usoni. Tulimfundisha kubisha? Anajua aende parokia gani, amtafute nani, afanye nini akianguka dhambini, amwambie nini rafiki anayemcheka? Au tulimfundisha kujibu maswali ya Askofu tu?

Nahodha wetu alianza na njia ngumu, karibu na nyumbani. Nadhani katekesi yetu yaweza kujaribu vivyo hivyo. Kijana akiwa bado mikononi mwetu, apewe jambo zito la kulibeba akisimamiwa: amtunze mgonjwa wa jumuiya kwa mwezi mzima, apatanishwe na jirani aliyemkosea, aongoze sala mahali ambapo watu hawapendi kusali. Atatapika kidogo. Afadhali atapike akiiona pwani yake. Hata wamisionari waliotuletea Injili kwa tanga hawakuanza kwa kuruka. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Unguja mwaka 1863; ilikuwa 1868 walipovuka, Padre Antoine Horner akiwa kiongozi wao, kuanzisha misheni ya Bagamoyo. Miaka 5 kisiwani kabla ya kuhamia ng'ambo, kwenye pwani ambayo siku ya anga safi hujengi mashaka kwamba i karibu! Na bado, atakayetembelea makaburi yao pale misheni ataona jinsi wengi walivyokufa vijana. Maandalizi mema hayafuti msalaba. Yanatuzuia tu tusiwatundike wengine juu yake kwa uzembe wetu.

Vijana wale 14 wameanza. Mara ya kwanza walikwenda mpaka kukaribia Kaole na kurudi, na wanne hawakuweza kula mchana ule. Mara ya pili waligeuza tanga mara tano bila nahodha kuinua sauti. Wale waliosema wataonekana waoga wamewaandikia Pangani barua ya kuomba radhi na kuahidi kufika wakati wa demani. Yule mama naye alikwenda ufukoni, akakagua mwenyewe mikanda ya jaketi la binti yake, akaikaza, akaondoka bila kusema kitu.

Limebaki neno moja la Marko ambalo wahubiri tunalipita mbio. Asema kwamba vyombo vingine vilikuwa pamoja naye. Hatuambiwi vilikuwa vingapi wala vya nani. Dhoruba ile iliwapiga hao pia, na upepo ulipotulia ulitulia kwao pia, ingawa hawakuisikia sauti iliyoukemea, wala hawakujua ni nani aliyekuwa amelala katika mashua ya jirani. Usiku huu, kati ya Kunduchi na Pangani, wako wavuvi wengi majini, wa dini yetu na wa dini nyingine, na kusi inavuma. Tutakapofika kwenye Sala ya Waamini, katekista, usiwasahau hao.

Tumsifu Yesu Kristo.